Doa Jekundu Pajani

Sewnarine alisimama langoni na mkono mmoja mfukoni, na nilijua kilichomo mfukoni kabla hajafungua kinywa. Jumamosi jioni, jua likishalegea juu ya mashamba ya mpunga, kapteni wa timu ya kijiji chetu, Welhoop, hatembei na mkono mfukoni kwa sababu nyingine. Alikuwa ameleta mpira.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba mkwe wangu. Mpira mpya wa kriketi wa mechi ya Jumapili haulali nyumbani kwa kapteni. Unapelekwa Jumamosi kwa mrushaji atakayefungua mchezo, ili alale nao, auzoee mkononi, aujue mshono wake. Hakuna tangazo wala hotuba. Ukiletewa, umechaguliwa. Usipoletewa, umejua, na hakuna aliyelazimika kukutazama usoni akakuambia. Nadhani wanaume wa kijiji hiki waliubuni utaratibu huo kwa sababu hiyo moja tu, ya kukwepa kuambiana.

Mume wangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kilichoning'inizwa chini ya nyumba yetu iliyoinuliwa kwa nguzo, mguu mmoja ukisukuma nguzo. Hata hakuinuka. Alinyoosha mkono tu, kama anayepokea chai kwa mkewe.

Mwanetu Hardat alikuwa ameketi kwenye ngazi akifunga kamba za viatu vyake vipya. Sewnarine alimtazama Hardat. Akautazama ule mkono ulionyooshwa. Akamtazama Hardat tena. Nilikuwa jikoni na unga vidoleni, na nikamwona shemeji yangu, mtu mzima mwenye watoto wanne na trekta, akimeza mate kama mwali. Kisha akauweka mpira kwenye mkono wa mume wangu.

"Nimeuleta, kaka."

"Nimeuona. Kaa ule."

"Hapana kaka, nina safari."

Safari gani? Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji.

Nilimfuata hadi kwenye daraja la mbao, nikamshika shati.

"Ule mpira ni wa nani?"

"Shemeji, usinishike hivyo, watu wanaona."

"Ni wa nani?"

Akatazama maji. "Wa Hardat. Kamati yote imekubaliana. Lennox, mpigaji wa Marienlust, tutamweza kwa kasi tu, na kasi anayo kijana. Kaka tunamtaka kwenye kupiga, akae pale, asichoke. Kesho ni fainali, shemeji."

"Vizuri. Geuka basi ukamwambie."

"Sasa... nilifikiri labda wewe..."

"Mimi ndiye kapteni?"

"Wewe ndiye mkewe."

"Na wewe ndiye mdogo wake, mmelala tumbo moja."

"Ndiyo maana siwezi, shemeji," akasema, karibu alie. Akavuka daraja upesi upesi, kichwa chini, kama aliyeiba kuku.

Nikarudi jikoni, nikaukanda ule unga mpaka ukawa mgumu.

Siku hizo nilikuwa na umri ambao leo nauona wa kisichana, ingawa nilijihesabu mzee. Leo nina wajukuu, na wao huniuliza babu yao alikuwa mchezaji wa aina gani, mrushaji au mpigaji. Nawaambia swali hilo liliivuruga nyumba yangu, wakaulize kwingine. Hawaachi. Basi nawaeleza kwa namna ninayoijua mimi, namna ya karai na sabuni.

Nilipoolewa nikaja Welhoop, suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu kwenye paja la kulia, pana kama kiganja. Mrushaji huusugua mpira pajani ili upande mmoja ung'ae, na ngozi ya mpira mpya hutoa rangi. Niliisugua ile suruali kila Jumatatu kwenye ngazi za mfereji mpaka vidole vikachubuka, na kila Jumapili doa lilirudi. Alikuwa akianza kukimbia kutoka kwenye ua wa Dookhnie, jirani yetu, unaopakana na uwanja, mbali kiasi kwamba alipoanza tu, kuku wa Dookhnie walitawanyika. Alichora mstari kwa kisigino pale ilipoanzia mbio yake, na mstari huo hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Wakamwita Risasi. Vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda visiangushwe na mpira viliruka nyuma ya watu, na wengine waliondoka uwanjani wakiwa bado hawajauona mpira.

Na kupiga? Alikuwa wa kumi na moja, wa mwisho kabisa. Akishika gongo tu kuingia uwanjani, sisi wanawake tulianza kufunga vyombo, maana tulijua mchezo umekwisha.

Kisha kiuno kikaanza kumsumbua. Msimu mmoja hakuweza kukimbia kwa kasi ya kurusha, na Jumapili moja ya msimu huo mpigaji mmoja akakosekana kwa kwenda harusini. Wakamtupa Risasi katikati ya wapigaji ili wajaze nafasi tu. Akasimama pale. Hakupiga chochote cha kushangiliwa. Alizuia, akazuia, akausogeza mpira pembeni akakimbia mkimbio mmoja, akarudi kuzuia, mpaka warushaji wa watu wakawa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Kijiji kikashangaa. Mimi sikushangaa. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia chakula kinapoa, hukaa palepale alipo mpaka kipoe kabisa. Ukimwambia hii si njia, ataifuata mpaka matopeni na kukuuliza matope yametoka wapi. Ubishi ule ulionitoa mimi machozi nyumbani, uwanjani waliupigia makofi.

Tangu hapo mambo mawili yakawa yanakwenda pamoja, moja likishuka na jingine likipanda. Mstari wake wa kuanzia mbio ulitoka uani kwa Dookhnie ukaja kwenye kigingi nilipomfunga ng'ombe wangu, ukatoka kigingini ukaja kwenye kiraka kisichoota majani. Kuku wa Dookhnie wakaacha kutawanyika. Na kwenye kupiga akapanda, akawa wa saba, akawa wa tano, akawa wa tatu, nafasi wanayopewa wenye akili zao. Mimi niliyaona yote kwenye karai. Doa la pajani lilipungua, likawa kama sarafu, na mahali pake pakaja ukijani wa nyasi magotini na mikwaruzo ya mikanda ya pedi zinazomkinga mpigaji, nyuma ya miguu. Nguo ilisema wazi: huyu sasa ni mpigaji.

Yeye ndiye hakusikia.

"Mimi ni mrushaji," alikuwa akisema kwenye kibanda cha ramu, "ninayejua kupiga kidogo."

"Ndiyo, Risasi," wanaume walimjibu, wote, macho kwenye bilauri. Wanaume walewale ambao wangeweza kubishana usiku kucha juu ya mchezaji waliyemsikia redioni, lakini kumwambia mwenzao sentensi moja, hakuna. Na yeye akawa ameapa mbele yao kwamba siku mpira wa Jumamosi ukipita lango lake kwenda kwingine, ataziwasha moto nguo zake nyeupe na hatakanyaga uwanja tena. Walimwamini. Mimi pia nilimwamini, na nilijua kitakachofuata. Angekaa kwenye kile kitanda cha kamba akisukuma nguzo, mwanawe akipita mbele yake kila Jumapili na nguo nyeupe, wasisemeshane, na mimi katikati nikibeba maneno ya huku kupeleka huku mpaka nife.

Jioni ile ya Jumamosi nilimfuata Hardat kwenye ngazi.

"Umeona kilichotokea?"

"Nimeona, Mama."

"Basi sema na baba yako."

"Kapteni ndiye wa kusema." Akavuta kamba ya kiatu mpaka nikadhani itakatika. "Kama Ami Sewnarine anautaka mpira kwangu, anajua mikono yangu ilipo."

"Na Lennox akiwachapa kesho?"

"Atuchape."

Kichwa kilekile cha baba yake, kimezaliwa upya na nywele nyingi zaidi. Nikapanda juu, nikamkuta baba mtu ameuweka mpira kwenye kijimadhabahu chetu cha pembeni, kando ya taa na ua la manjano, kama alivyofanya kila Jumamosi. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kiunoni.

"Baba Hardat," nikaanza.

"Unaona mshono wa mwaka huu?" akasema. "Umesimama vizuri. Kesho huyu Lennox ataomba maji."

Alikuwa na furaha. Nami nikaenda kuandaa mezani.

Sisi wanawake tulipikia chini ya kibanda cha mabati kando ya mfereji, nje tu ya mpaka wa uwanja. Dengu kwenye sufuria kubwa, mchuzi wa mbuzi, boga, wali. Watu walikuja kwa matrekta na baiskeli kutoka vijiji vya juu na vya chini, maana kikombe kile kilikuwa hakijaja Welhoop tangu nimzae Hardat. Marienlust walianza kupiga. Lennox, mkata miwa mwenye mabega kama mlango, akaingia akizungusha gongo kama kijiti cha meno.

Mume wangu akachora mstari wake. Ulikuwa karibu mno, mpaka mwamuzi akauliza kama ameshamaliza kupima. Akakimbia, akarusha. Lennox akangoja. Nilimwona kwa macho yangu akingoja, mpira ulivyokuwa haufiki. Kisha akaupiga, ukapita juu ya kibanda chetu.

"Risasi!" watu wa Marienlust wakapaza sauti. "Leo baruti imelowa?"

"Mwacheni mzee! Mpira wake umekaa kivulini unapumzika, utafika!"

Ova yake ya kwanza, mipira sita ya zamu yake, ikaisha vibaya. Ya pili ikawa mbaya zaidi. Sewnarine alisimama uwanjani akilitazama wingu ambalo halikuwepo. Hardat alisimama mbali kwenye mpaka, upande wetu, mikono kiunoni, akitafuna kola ya shati. Na katikati yao yule mtu akirudi kwenye mstari wake, akichechemea kidogo, akiusugua mpira pajani kwa nguvu kana kwamba tatizo ni mng'ao.

"Mama Hardat," Dookhnie akaniambia, "mwanao hapewi mpira leo? Si tuliambiwa..."

"Koroga dengu."

"Mimi nauliza tu. Kamati nzima inajua. Hata mke wa pandit wa hekalu anajua."

"Dookhnie, dengu."

Katika ova ya tatu Lennox akaupiga mpira juu kabisa. Ukashuka mferejini, pale pale mbele ya kibanda chetu, ukarusha maji kwenye wali. Watu wakacheka, hata wetu. Mchezo ukasimama. Mwanaume mmoja akaingia majini mpaka kifuani, akapapasa, akautoa umejaa tope, akautupa ukingoni. Ukabingirika ukagusa mguu wangu.

Nikauokota. Nikaupangusa kwa aproni yangu. Ukaacha rangi nyekundu kwenye kitambaa, nami nikaitazama ile rangi. Sikuwa na hasira hasa. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na wanaume watatu wenye vinywa, ndimi na meno yote, wanaoungoja mpira useme kwa niaba yao.

Nikavuka mpaka.

"Wewe! Mama Hardat! Rusha tu!" Sewnarine alipiga kelele. Sauti hiyo aliipata upesi.

Sikurusha. Nilitembea. Hardat aliponiona nakuja akanyoosha mkono, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyekuwa akidai maziwa yangu. Nikampita. Namshukuru Mungu nilikuwa na akili ya kumpita. Nikaenda mpaka katikati, kwenye ule udongo mgumu tunaousiliba na kuushindilia kila wiki, na viatu vyangu vya jikoni, na mwiko bado mkono wa kushoto.

"Umefuata nini huku?" mume wangu akauliza, jasho likimtiririka. "Watu wanatutazama."

Kwetu mke halitaji jina la mumewe. Mama yangu alikufa hajalitaja la baba. Mimi tangu harusini nilimwita "wewe", kisha akazaliwa Hardat nikamwita Baba Hardat, na ndivyo nilivyopanga kumwita mpaka mwisho.

"Bisnauth," nikasema.

Mwamuzi aligeuka kunitazama. Hata Lennox alishusha gongo.

"Bisnauth, jana mpira huu haukuletwa kwako."

Alinitazama. Akamgeukia mdogo wake, na Sewnarine, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akakosa pa kutazama. Akageuka kule mpakani. Hakuniuliza uliletwa kwa nani.

"Ulijua tangu jana?" akasema polepole.

"Nilijua."

"Ukanikalia kimya, nikala chapati nne?"

"Ulikuwa na njaa."

Nikauweka mpira mkononi mwake, maana nilijua nikimpa mwingine yeyote mbele ya watu wale, nguo zingechomwa kweli. Nikageuka kurudi. Sikutaka kuona. Nilisikia tu mgongoni nyasi zikikanyagwa, hatua za mtu anayechechemea, zikinipita, zikienda kwa kijana aliyesimama mpakani. Angeweza kuurusha. Aliupeleka kwa miguu.

"Umelowa," nilimsikia akimwambia. "Usiusugue kwanza, ukaushe. Na Lennox usimpe karibu na miguu, hapo ndipo anapotaka. Mpe kifuani."

"Ndiyo, Baba."

"Na inua mabega. Umesimama kama mbeba magunia."

Nikarudi kwenye sufuria. Dengu ilikuwa imeshika chini. Dookhnie alikuwa amesimama na mwiko hewani, kinywa wazi.

"Umelitaja jina lake!"

"Na dengu umeiunguza."

Hardat alianza mbio yake kutoka kwenye ua wa Dookhnie. Sikutazama, ila niliwaona kuku wakitawanyika.

Aliwatoa wachezaji wao mmoja baada ya mwingine, lakini Lennox hakumtoa. Lennox alibaki, akaendelea kuchapa, mpira ukachakaa, kijana akachoka. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na vijiti, mikono kifuani, kanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Hapo ndipo Sewnarine alipomwita Hardat, na upepo ukaniletea sauti yake kibandani:

"Mwambie baba yako achukue ova moja."

Nikaushika mwiko kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kwenda tena.

Lakini baba mtu alikuwa amesikia. Akauchukua ule mpira uliochakaa, akaugeuzageuza, hakuusugua popote. Hakuchora mstari. Akapiga hatua chache tu kama mtu anayevuka sebule, akauachia juu, polepole, ukizunguka. Lennox, aliyekuwa amejiandaa na kasi ya kijana, alipiga mapema. Gongo likapita, yeye mwenyewe akapitiliza nje ya mstari wake, na mpira ulipofika, ukiwa hauna haraka, mdakaji wetu wa nyuma ya vijiti aliukamata akaviangusha, Lennox akawa ametolewa.

"Mzee, hiyo nayo ni nini?" Lennox aliuliza akitoka, akicheka bila kupenda.

"Ni ileile," mume wangu akajibu. "Imezeeka tu."

Kisha tukapiga sisi. Aliingia wa tatu, na wanasema alikaa mpaka jua likashuka, akizuia, akisogeza, akikimbia mmojammoja na mkono kiunoni, na kikombe kikaja Welhoop. Nasema wanasema kwa sababu mimi sikuona. Nilikuwa ngazini mferejini nasugua sufuria ya dengu iliyoungua, na niliposikia kelele nilidhani ng'ombe ameingia uwanjani.

Usiku ule hakunisemesha. Wala siku ya pili. Siku ya tatu alisema chai ina sukari kidogo, nikajua yamekwisha. Jina lake sijalitaja tena tangu siku ile, nimeliandika hapa tu. Aliendelea kucheza miaka mingi baadaye, wa tatu, kisha kijana mmoja akaja wa tatu naye akashuka wa sita, akirusha mipira yake ya kizee wakati wengine wamechoka. Na wajukuu wakimuuliza wewe ulikuwa nini hasa, hujibu bila aibu: mrushaji, aliyejua kupiga kidogo.

Sasa kapteni ni Hardat, kapata kitambi chake. Mpira unakwenda kwa vijana wengine, nyumba nyingine kabisa, wengine hata majina yao siyajui. Lakini kila Jumamosi, akienda kuupeleka, hupitia kwetu kwanza. Husimama langoni na mkono mfukoni, husema, "Baba, hebu utazame huu, nahisi mshono una kasoro." Haujawahi kuwa na kasoro. Mzee huupokea kwenye kitanda chake cha kamba, huuinua kwenye mwanga, huunusa, huguna, huanza habari za mipira ya zamani. Yule kijana anayeungoja kwao hana habari, na chapati zangu zinakauka mezani, na Hardat ameketi kwenye ngazi anaitikia, ndiyo Baba, ndiyo Baba, kama vile hana mke wala nyumba.

"Semeni mmalize!" nawaambia. "Chakula kinapoa!"

Hakuna anayenyanyuka.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nafua. Nikachukua suruali ya mzee ya hekaluni, ile ya rangi ya maziwa niliyomshonea kwa ajili ya harusi ya mjukuu, ambayo nimemkataza mara ngapi kulala nayo kwenye kitanda cha kamba. Nikaikunjua juu ya karai. Pajani, upande wa kulia, palikuwa na doa jekundu.

Nikalalamika peke yangu, kwa sauti, ili anisikie kule alikolala. Kisha nikachukua sabuni.